Usiisugue kwa Ndimu

Ukikaa Kaloleni muda wa kutosha, kuna siku mtu atakuonyesha kipande cha shaba. Kimeibuka shambani wakati wa kulima, ama kimetoka kwenye kikopo cha hawe, yaani nyanya, baada ya matanga. Kimeota ukoga wa kijani na kina maandishi ambayo hakuna mtu nyumbani anayeyasoma. Swali la kwanza huwa moja tu: "Hii ni ngapi?" La pili ni nani ana ndimu, maana broka anataka kitu kinachong'aa.

Tulia kwanza. Vipande vingi vya aina hii vinatambulika bila uganga.

Angalia kama kuna mizani. Ukiona mizani na maandishi ya Kiarabu matupu, bila herufi hata moja ya Kizungu, hiyo huenda ni pesa ya Zanzibar ya Sultan Barghash. Tafuta mwaka: ١٢٩٩ ni 1299 wa Hijria, karibu na 1882. Ipo pia ya 1304, karibu na 1887. Ukiona mizani na Kiarabu upande mmoja, halafu Kiingereza na 1888 upande wa pili, hiyo ni ya Mombasa, ya kampuni ya Imperial British East Africa.

Ndiyo, kampuni. Kabla ya kuwa koloni, huku kulitawaliwa na wafanyabiashara wenye hati ya malkia. Walipata hati 1888, wakaishiwa hela, na 1895 serikali ya Uingereza ikachukua usukani. Sarafu yao ndogo ilikuwa paisi ya Kihindi iliyohamia Pwani, na 64 zilifanya rupia moja. Neno letu "pesa" lilitoka huko huko.

Sasa, ilifikaje Kaloleni? Wagiriama walikuwa wakiuza pembe na nafaka kwa wafanyabiashara wa Pwani siku nyingi. Kisha ikaja kodi ya nyumba, na serikali haikutaka mahindi, ilitaka rupia. Kodi hiyo, pamoja na vijana kulazimishwa kazi, ni kati ya mambo yaliyomfanya Mekatilili wa Menza asimame mwaka 1913 kuwaapisha watu wakatae. Kwa hiyo kile kipande cha kikoponi si mapambo. Ni chenji ya enzi ambayo watu walianza kudaiwa pesa ili waishi kwenye nyumba zao wenyewe.

Kikiwa na tundu la mviringo katikati, kuna uwezekano mkubwa ni senti ya Afrika Mashariki ya wakati wa ukoloni. Tundu la mraba ni habari nyingine. Mwaka 2010, wachimbuaji wa Kenya na China walipata sarafu ya namna hiyo Mambrui, juu kidogo ya Malindi. Ilikuwa ya Mfalme Yongle, aliyetawala China 1402 hadi 1424.

Halafu kuna zile ndogo za Kilwa, zenye jina la sultani na wala hazina mwaka. Hapa ndipo ndimu na broka wanapoharibu mambo. Sarafu moja ya Kilwa ilipatikana Great Zimbabwe, na kwa kuwa mahali panajulikana, ni ushahidi wa biashara ya Pwani na bara. Linganisha na mwanajeshi wa Australia, Maurie Isenberg, aliyeokota sarafu kwenye visiwa vya Wessel mwaka 1944. Alizihifadhi miaka mingi, na zilipochunguzwa, tano zikawa za Kilwa. Mpaka leo hakuna anayeweza kueleza zilifikaje Australia, kwa sababu zilitoka mchangani bila kitu kingine cha kuzisemea.

Ukiokota kimoja, usikisugue. Ukoga ukitoka, herufi nazo hutoka. Kipige picha pande zote mbili, rula ikiwa kando. Kitie kwenye bahasha uandike: shamba gani, kina gani, tarehe, na kilikuwa na nini pembeni, kigae ama shanga. Kisha wajulishe Makumbusho ya Taifa. Sheria ya urithi ya 2006 inataka hivyo, na Fort Jesus si mbali.

Broka ataondoka na shaba. Shamba ilikotoka hataliuliza.