Seneti Iliyojipigia Kura ya Kujizika

Mwishoni mwa 1966, maseneta wa Kenya waliketi wakakubali kwamba nyumba yao isiwepo tena. Hawakufurushwa na askari. Waliletewa mswada, wakaupigia kura, wakajifuta.

Ajabu hiyo hupungua ukitazama walichotoka nacho. Maeneobunge mapya 41, idadi sawa na ya maseneta, yaliongezwa juu ya 117 yaliyokuwepo, likazaliwa Bunge moja lenye maeneobunge 158. Uchaguzi uliotarajiwa 1968 nao ukasogezwa hadi 1970. Kwa hiyo seneta aliingia katika kura ile na kiti, akatoka na kiti, tena cha muda mrefu zaidi. Waliokosa kiti ni wananchi wa wilaya ambazo Seneti iliundwa kuzilinda.

Seneti hiyo ilizaliwa na hofu. Katika mazungumzo ya Lancaster House, London, mwaka 1962, chama cha KADU cha Ronald Ngala kilikuwa kikiwasemea watu wa Pwani, Bonde la Ufa na kwingineko walioogopa kumezwa na jamii kubwa zilizokuwa nyuma ya chama cha KANU. Walitaka majimbo, wakayapata: serikali za mikoa zenye mabunge yao, na juu yake nyumba ya pili ambamo kila wilaya ingekuwa na seneta mmoja. Wilaya 40, pamoja na Nairobi, zikatoa watu 41.

Seneti ndiyo iliyokuwa kufuli ya mapatano hayo. Vifungu vya Katiba vilivyolinda mikoa havikuweza kuguswa bungeni bila asilimia 90 ya maseneta. Piga hesabu: wakikataa watano tu kati ya 41, hoja imekwama. Katika uchaguzi wa Mei 1963, KANU ilipata maseneta 18 na KADU 16. Kwa karatasi, hakuna aliyekuwa na haja ya kukosa usingizi.

Lakini kufuli hailindi mlango ikiwa mlinzi mwenyewe amehama. Novemba 1964 KADU ilijivunja na watu wake wakavuka kwenda KANU. Mwaka uliofuata kiwango cha kura za kubadili Katiba kilishushwa hadi asilimia 65 katika nyumba zote mbili, na hao hao waliopewa ufunguo wakayapitisha mabadiliko hayo. Mikoa ikanyang'anywa fedha na mamlaka, kipande kwa kipande. Spika wa Seneti, Muinga Chokwe, mtu wa Pwani, akabaki akiongoza nyumba ya kutetea mikoa isiyokuwa na kitu cha kutetewa. Ilipofika zamu ya Seneti yenyewe kuondoka, kazi kubwa ilikuwa imekwisha kufanyika.

Zikapita miaka 46 ya Bunge moja. Ghasia za baada ya uchaguzi wa 2007 ndizo zilizowarudisha Wakenya kwenye hofu ile ile ya zamani, kwamba atakayeshinda Nairobi atakula peke yake. Ugatuzi ukapata nguvu, na Seneti ikafufuka kwenye rasimu ya Katiba mpya. Januari 2010 rasimu ilifika mikononi mwa kamati ya wabunge mjini Naivasha, na huko mamlaka ya Seneti yakapunguzwa. Hebu fikiria: wabunge wa nyumba moja wanaamua nyumba ya pili, ambayo bado haina mtu wa kuisemea, iwe na nguvu kiasi gani. Mwenye kisu kikali ndiye mla nyama.

Katiba iliyozinduliwa Agosti 27, 2010 iliipa Seneti watu 67 pamoja na Spika: 47 waliochaguliwa na kaunti, wanawake 16 walioteuliwa na vyama, vijana wawili, na watu wawili wenye ulemavu. Upekee wake unaonekana unapofika mswada wa kaunti. Hapo hawahesabiwi watu, zinahesabiwa kaunti. Karani akiita, Lamu yenye watu 143,920 katika sensa ya 2019 ina kura moja, na Nairobi yenye zaidi ya milioni nne ina moja vilevile. Kaunti 24 zikikubali, mswada umepita.

Mpaka wake ni huu: mswada usiohusu kaunti haupiti Seneti kabisa, na mswada wa fedha huanzia Bunge la Kitaifa tu. Nyumba mbili zikikosa kuelewana, huundwa kamati ya upatanishi yenye wajumbe sawa kutoka kila upande, na ikishindwa kwa siku 30 mswada unakufa. Nani aamue kama mswada unahusu kaunti? Maspika wawili, kwa pamoja. Mwandishi wa sheria aliyeandika hivyo nadhani aliwaamini sana wanadamu.

Imani hiyo haikumaliza mwaka tangu Seneti ilipoanza kazi. Mwaka 2013 Bunge la Kitaifa lilizitengea kaunti shilingi bilioni 210. Seneti ikataka bilioni 258. Wabunge wakasema maseneta hawana kauli katika jambo hili, mswada ukapelekwa kwa Rais Uhuru Kenyatta ukiwa na hesabu ya wabunge, naye akatia saini. Spika wa Seneti, Ekwee Ethuro, akakimbilia Mahakama ya Upeo, ambayo Novemba mwaka huo ilisema Seneti ilistahili kushirikishwa. Sifa ikabaki kwa maseneta; zile bilioni 48 hazikurudi.

Hata pale ambapo fedha ni zao kuamua, mkono wa nje hauko mbali. Mwaka 2020 walivutana wiki kadhaa juu ya kanuni ya kugawia kaunti mapato, kaunti zenye watu wengi upande mmoja, kaunti kubwa zenye watu wachache upande wa pili. Vikao vikawa vinaahirishwa tu. Asubuhi moja ya Agosti, maseneta watatu waliopinga kanuni iliyopendekezwa wakakamatwa na polisi. Mzozo ulimalizwa Septemba kwa ahadi ya serikali kuongeza bilioni 53.5, ili kaunti yoyote isipoteze.

Pale Seneti inapotisha kwelikweli ni inapogeuka mahakama ya kuwaondoa viongozi madarakani. Magavana wanalijua hilo tangu Martin Wambora wa Embu mwaka 2014. Naibu Rais Rigathi Gachagua alilijua usiku wa Oktoba 17, 2024, alipotiwa hatiani kwa mashtaka 5 kati ya 11 wakati yeye mwenyewe yuko hospitalini. Lakini hata hapo, kesi huletwa na wengine: bunge la kaunti kwa gavana, Bunge la Kitaifa kwa Rais na naibu wake. Seneti haiwezi kujianzishia.

Kwa miaka mingi sasa maseneta wamekuwa wakilalamika kwamba mbunge ana mfuko wa maendeleo ya eneobunge lake, ilhali wao wanaotakiwa kuwachunguza magavana hawana fungu la kazi hiyo. Katikati ya 2025 Bunge la Kitaifa lilipitisha mswada wa kuingiza mifuko mitatu ndani ya Katiba. Mmoja ni ule wa wabunge, na mwingine ni mfuko wa usimamizi wa Seneti. Mswada ukavushwa hadi nyumba ya pili, ili maseneta nao waupigie kura.