Maveterani, heroini na hospitali ya Philadelphia

Wadau, ukisikia teja unamfikiria kijana wa kijiweni. Hebu turudi 1971. Marekani ilianza kuwapima mkojo wanajeshi wake kabla hawajapanda ndege kutoka Vietnam, kwa sababu ya heroini. Mtafiti Lee Robins aliwahoji waliorejea Septemba mwaka huo. Karibu mmoja kati ya watano alisema alikuwa teja kule vitani. Walio wengi waliacha walipofika nyumbani. Waliobaki na uraibu walihitaji madaktari, na vyuo vya udaktari vilikuwa vikifundisha kidogo mno juu yake.

Mwaka huohuo Dk. Charles O'Brien alianzisha kitengo cha tiba ya uraibu katika hospitali ya maveterani ya Philadelphia. Hakutenganisha wodi na utafiti, na hapo nampa tano. Mwaka 1992 yeye na wenzake, wakiongozwa na Joseph Volpicelli, walitoa matokeo ya majaribio kwa walevi 70: naltreksoni, dawa ya waraibu wa heroini, iliwasaidia wasirudie ulevi. Mwaka 1994 ikaidhinishwa kwa pombe.

Mafunzo ya ubingwa wa uraibu katika hospitali za maveterani yanafuata njia hiyohiyo: daktari au mwanasaikolojia aliyekwishahitimu anatibu huku akitafiti. Na ile naltreksoni? Siku hizi wanaandikiwa hata walevi ambao hawajawahi kushika bunduki.