Kutoka bega la mpagazi hadi mkonga: magari yaliyoingia mbuga ya Unyamwezi

Mvua zikishaanza Tabora, ukikaa kando ya barabara pale Gongoni unaweza kujua gari limetoka wapi bila kumwuliza dereva. Tope jekundu lililokauka na kupukutika ni la njia za kichanga, kwenye miombo. Tope jeusi lililogandamana chini ya bodi mpaka juu ya springi, ambalo utingo hulikwangua kwa panga, hilo ni la mbugani.

Kwa watu wa huku, mbuga ni bonde pana lisilo na miti, lenye udongo mweusi wa mfinyanzi. Kiangazi hupasuka nyufa ambazo mguu wa ndama unaweza kuingia. Masika udongo uleule huvimba, hulainika na kushika kila kinachoukanyaga. Tairi likizunguka mara tatu bila kusogea, kila mzunguko unaofuata unachimba kaburi lake. Mjadala wa vijiweni kuhusu pikapu ipi ni bora huamuliwa hapo mbugani. Ni mjadala wenye umri mkubwa kuliko magari yenyewe, maana nchi hii ilikuwa inapima vyombo vya usafiri na kuvikataa miaka mingi kabla injini haijafika.

Richard Burton na John Speke waliondoka pwani mwishoni mwa Juni 1857, wakaingia Kazeh, makao ya wafanyabiashara Waarabu yaliyokuja kuwa Tabora, Novemba 7. Ni siku 134. Punda waliotoka nao walikufa kwa wingi njiani. Henry Stanley aliposafiri kutoka Bagamoyo mwaka 1871 alijisifu kutumia siku 84. Majina yao yamejaa vitabuni, lakini waliofikisha safari ni wapagazi, na kati yao Wanyamwezi ndio waliosifika kuliko wote. Mzigo wa mtu mmoja ulikuwa kama frasila mbili, yaani kilo 32 hivi: majora ya nguo, shanga na waya wakati wa kupanda, pembe za ndovu wakati wa kushuka. Mbele alitangulia kirangozi, nyuma wakafuata wanyapara. Pikapu ya tani moja inayopita Gongoni leo asubuhi imebeba mizigo ya wapagazi 31.

Kwa nini mabega, na siyo magurudumu? Jibu kubwa ni mbung'o. Ng'ombe, farasi na punda waliopitishwa kwenye mapori yake waliugua nagana wakafa. Mwaka 1876 mmisionari Roger Price wa Chama cha Misheni cha London aliwafikisha ng'ombe wachache Mpwapwa kutoka Saadani, akaamini njia ya mikokoteni imepatikana. Mwaka uliofuata wenzake walikuja na mikokoteni kweli. Ng'ombe wakafa, mikokoteni ikaachwa, wapagazi wakaitwa tena.

Kisha wakaja tembo. Leopold wa Pili, mfalme wa Ubelgiji, alituma tembo wanne kutoka India, wakashushwa Msasani mwaka 1879 wakiongozwa na Frederick Carter. Walipita Mpwapwa, wakaikata nchi ya Unyamwezi kuelekea Karema, kando ya Ziwa Tanganyika. Njiani baadhi walikufa, na waliofika Karema mwishoni mwa mwaka hawakuzidi wawili. Carter mwenyewe aliuawa mwaka 1880 akirudi pwani. Habari hii hunijia kila ninapomsikia kijana wa Tabora akisema ataondoka kesho “na mkonga”. Anamaanisha Land Cruiser yenye bomba refu linalopanda kando ya kioo cha mbele ili injini ivute hewa juu ya maji na vumbi. Aliyelipa jina hilo aliona vizuri.

Reli ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Iliua msafara mrefu wa kwenda pwani, lakini haikugusa vijia vya pembeni. Toka stesheni kwenda Sikonge, Ipole au Inyonga, mzigo uliendelea kukaa kichwani. Malori ya kati ya vita mbili kuu yalifanya kazi kiangazi, masika yalisubiri.

Mabadiliko yaliletwa na gari lililozaliwa na shida. Baada ya vita ya pili chuma kilikuwa cha mgawo Uingereza, ila alumini ilikuwa tele kwa sababu ya viwanda vya ndege. Maurice Wilks wa kampuni ya Rover alichukua mawazo ya Jeep ya kijeshi, akaunda gari la mkulima lenye chesisi ya chuma na bodi ya alumini. Lilioneshwa Amsterdam Aprili 30, 1948, likaitwa Land Rover. Miaka hiyohiyo, Urambo, nchi iliyobeba jina la mtemi Mirambo, ilikuwa inafyekwa kwa mashine nzito za mradi wa karanga wa serikali ya Uingereza, zikiwemo zilizoundwa kutokana na vifaru vya Sherman. Mradi ukaanguka mapema miaka ya 1950. Urambo ikageukia tumbaku, na chombo kilichodumu hakikuwa kifaru kile. Ni hilo gari dogo la mkulima.

Pikapu ndefu ya kwanza ya Land Rover ilitoka mwaka 1954. Inayokumbukwa sana ni 109, iliyoanza mwaka 1956. Namba hiyo ni inchi kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma. Januari 1958 wajumbe wa TANU walikutana Tabora, wakakubali kuingia uchaguzi wa kura tatu. Julius Nyerere aliizunguka nchi kwa Land Rover ya chama. Baada ya Uhuru, bwana shamba, bwana nyama, daktari wa wilaya, wote walifika kwa gari hilo, na mtoto wa kijijini akisikia mlio wake alijua serikali imekuja. Mwaka 1972 wakimbizi wa Burundi walipofunguliwa makazi ya Ulyankulu katikati ya miombo, barabara nyingine zilikuwa ni alama za matairi tu.

Mpinzani alikuwa amezaliwa zamani. Mwaka 1951 Toyota ilipandisha gari lake la BJ hadi kituo cha sita cha Mlima Fuji, na polisi wa Japani wakalichukua. Mwaka 1954 likapewa jina la Land Cruiser, lililochaguliwa makusudi lisishindwe hadhi na Land Rover. Sisi tuliliona kwa wingi baadaye, hasa toleo la 70 lililoanza mwaka 1984. Injini yake ya 1HZ, ya dizeli, silinda sita, lita 4.2, bila tabo, ilianza mwaka 1990. Pikapu ya 79 ikafuata mwaka 1999: koili mbele, springi za majani nyuma. Katika miaka hiyo ya 1990 mashirika ya misaada yalikuwa yamejaa magharibi ya nchi kwa ajili ya wakimbizi wa Rwanda na Burundi, na Land Cruiser nyeupe ikawa gari la kawaida kuliona.

Tuyaweke sasa mbugani. Land Rover ya zamani ni nyepesi, haizami upesi, bodi hailiwi na kutu, na bati lake likibonyea hunyooshwa kwa nyundo chini ya mwembe. Udhaifu wake mkubwa ni shafti za nyuma, ambazo zilikatika dereva akilazimisha. One Ten ya mwaka 1983, mama wa Defender, ilileta koili pande zote na magurudumu manne yanayovuta muda wote. Kwa tope jeusi sijui pikapu iliyoipita. Land Cruiser ni nzito, na ikizama imezama. Lakini nguvu yake inaanzia chini kabisa, difu zake ni za jiwe, na inaweza kwenda Mpanda na kurudi na tani moja mgongoni pasipo mtu kufungua boneti. Hilux, yenye magurudumu manne tangu mwaka 1979, ni ya mjini na vijiji vya karibu. Naiheshimu, siipeleki Ugalla mwezi Machi.

Mwenye mali huhesabu siku ambazo gari limelala kwa fundi, na kwa hesabu hiyo Toyota ilishinda. Naamini ilistahili, ingawa inaniuma vijana wakiiita 109 chuma chakavu. Defender ya mwisho ya ukoo ule ilitoka kiwandani Solihull Januari 29, 2016, na Defender mpya haina pikapu. Jina limebaki kwetu: watu wanaita pikapu ya polisi “difenda”, hata kama mbele imeandikwa Toyota.

Mei 2022 ilifunguliwa rasmi lami ya Nyahua hadi Chaya, kilomita 85.4, iliyokuwa jehanamu ya madereva wa kwenda Itigi. Gari dogo sasa linapita masika yote. Lakini mizinga ya asali ipo porini, na tumbaku hailimwi barabarani. Lami inapoishia, dereva wa mkonga husimamisha gari na kushuka. Huinama kwenye gurudumu la mbele la kulia, akageuza hubu kwa vidole, akazunguka boneti kwenda la kushoto, akageuza na hiyo. Hupangusa mikono kwenye suruali, akapanda, akaingiza gia ndogo.