Bonde la Rufiji katika Ramani ya Kale



Juma hili natafakari juu ya ramani: ile iitwayo Karte von Deutsch-Ostafrika, waliyoiandaa Paul Sprigade na Max Moisel mjini Berlin wakati wa utawala wa Wajerumani. Kipimo chake ni 1:300,000, yaani sentimita moja kwa kilomita tatu. Waliunganisha taarifa za maofisa na wasafiri, ndiyo maana majina hujaa kandokando ya njia, na mbali nazo pameachwa peupe. Peupe hapo si jangwa. Ni mahali ambapo mwenye daftari hakupita.

Mchoraji alilazimika kuupa Rufiji mstari mmoja, ingawa mto huo huhama. Tena ramani haina majira. Haionyeshi kwamba mpunga hupandwa kwa mvua na kukua pamoja na mafuriko, wala kwamba maji yakipungua, unyevu na tope lililobaki huotesha mahindi, kunde na pamba. Wenyeji huita kilimo hicho mlao. Gharika lililozidi liliangamiza, bila shaka, lakini mwaka usio na mafuriko nao ulileta njaa. Watu walijenga madungu, vibanda juu ya nguzo, wakalinda mazao dhidi ya ndege, nguruwe na viboko, huku maji yakipita chini yao.

Mwaka 1968 yalitokea mafuriko makubwa. Mwaka 1969, katika Operesheni Rufiji, Serikali iliwahamisha wakazi wa bondeni kwenda vijiji vya ujamaa vilivyowekwa kwenye miinuko, hasa kaskazini mwa mto. Nia ilikuwa usalama, shule na zahanati, nami siidharau. Lakini huko juu ardhi ni ya kichanga, na mashamba yenye rutuba yalibaki bondeni. Wengi waliendelea kuvuka kwa mitumbwi na kukaa madunguni kwa miezi, mbali na shule ile ile iliyokuwa sababu ya kuhamishwa.

Bwawa la Julius Nyerere lilianza kujazwa maji Desemba 2022. Aprili 2024 mafuriko yalifunika tena mashamba ya Rufiji na Kibiti. Sasa mkulima wa mlao anategemea mvua na pia milango ya bwawa, na sehemu ya tope lililokuwa likirutubisha shamba lake hutuama nyuma ya ukuta.

Nanyi wenye babu waliozaliwa bondeni, waulizeni majina ya vijiji vyao vya awali, muyaandike.