Kakao, kahawa, kinkina, vanila: mimea minne na majina yaliyopotea

Wandugu, leo tuanze na gunia moja la kakao.

Ukikaa asubuhi kando ya barabara hapa Bungulu, hautakosa kuona pikipiki imebeba gunia la kakao, na ile harufu yake ya siki kidogo inabaki nyuma. Wakati nilikuwa staji, mzee mmoja aliniuliza mbele ya shamba lake: «Weye agronome, hii kitu wanaifanyaka nini huko inaendaka?» Nikamwambia: shokola. Akauliza tena: «Na nani aliileta huku kwetu?» Hapo nikanyamaza. Darasani walitufundisha umbali kati ya mti na mti, mita 3 kwa 3. Majina ya watu hatukufundishwa.

Tangu siku ile nimekuwa nafuatilia mimea yetu ya biashara, moja kwa moja. Nimeona kwamba historia zao zimefungana kama mnyororo: ukivuta pete moja, ingine inakuja. Nawapa pete chache.

Pete ya kwanza: kakao iliingia juu kahawa ilikufa. Muulize mzazi yeyote wa Beni au Mbau, atakuambia robusta ndiyo ililipa minervali na mabati. Halafu, miaka ya 1980 na 1990, ikaja trakeomikozi. Ni kuvu, jina lake Fusarium xylarioides. Inaziba mishipa inayopandisha maji, mti unakauka wima na matunda yake juu. Mwaka 1993 ugonjwa ulionekana pia ngambo, Uganda. Dawa ya kupuliza hakuna: unang'oa, unachoma. Wakulima wengi waling'oa, wakachoma, wakatafuta mmea mwingine. Kakao ikapata nafasi.

Pete ya pili: ile robusta ilikuwa mtoto wa Kongo. Wengi wanafikiri kahawa yote ililetwa na wazungu. Hapana. Robusta, ambayo sisi wa agronomia tunaiita Coffea canephora, inaota yenyewe katika misitu yetu. Hata jina «robusta» halikutoka msituni. Lilitoka Brussels, kwa kampuni moja iliyouza miche, karibu na mwaka 1900. Waliona mti una nguvu, wakaupa jina la nguvu, wakauuza mbali.

Wakauuza wapi? Kisiwa cha Java, kule Indonesia, wakati huo koloni la Waholanzi. Mwaka 1869 ugonjwa wa kutu ulionekana katika kahawa arabika ya Ceylon, inayoitwa leo Sri Lanka. Polepole mashamba yakaisha. Waingereza wa kule wakageukia chai, na ndiyo maana mpaka leo tunasikia «chai ya Ceylon». Kutu ikavuka mpaka Java. Waholanzi wakajaribu huku na huku, na mwishoni mti uliowaokoa ulikuwa robusta, mti wa msitu wa Kongo. Leo Vietnam ni nchi ya pili duniani kwa kahawa, na karibu yote ni robusta. Hebu muwaze: mti uliotoka kwetu unalisha Vietnam, na kwetu umekauka.

Kuna zaidi. Hata arabika, ile ya milimani kwetu Lubero, ina damu ya robusta. Wataalamu waliosoma jeni zake wanasema arabika ilizaliwa kwa ndoa ya kahawa mbili za pori: mzazi mmoja ni canephora, mwingine ni Coffea eugenioides, ya milima ya Afrika mashariki, na Kivu imo. Ndiyo maana arabika ina kromosomu 44, wakati wazazi wake wana 22 kila mmoja. Ile ambayo dunia inaita bora ni mtoto wa ile inayoitwa ya bei ndogo.

Pete ya tatu: Java inatupeleka kwa kinkina. Waholanzi walewale wa Java walikuwa wanalima pia kinkina, mti wa kinini, dawa ya malaria. Kwao kinkina ni milima ya Andes, Amerika ya Kusini, na serikali za kule hazikutaka mbegu zitoke. Mwaka 1865 Mwingereza Charles Ledger alipata mbegu za mti wenye kinini nyingi kuliko yote, akaziuza kwa Waholanzi. Lakini si yeye aliyepanda mlima. Aliyezitafuta alikuwa Manuel Incra Mamani, mwenyeji wa Bolivia, aliyejua miti hiyo kama sisi tunavyojua mihogo. Baadaye Mamani alikamatwa kwa sababu ya kazi hiyo, akapigwa, akafa. Mti wenyewe ukaitwa Cinchona ledgeriana. Ledger amebaki katika kila kitabu cha botanika. Mamani, ni nani anamjua?

Kwa mbegu zile Java ikakamata karibu soko lote la kinini duniani. Mwaka 1942 Wajapani wakateka Java, na majeshi ya Marekani na Uingereza yakakosa kinini ya Java katikati ya vita. Hapo ndipo kinkina ya Kivu, iliyokuwa imeanza kupandwa na Wabelgiji, ikawa na thamani kubwa. Magome mnayoona yameanikwa kando ya njia za Lubero, na kiwanda cha Pharmakina kule Bukavu, vyote viko ndani ya historia hiyo.

Pete ya nne: vanila, na mtoto wa miaka 12. Siku hizi wakulima wengi wa Beni wanaweka vanila katikati ya kakao. Mama mwenye shamba anaamka mapema, anazunguka ua kwa ua na kijiti kidogo, anaunganisha dume na jike kwa mkono, maana ua linafunguka siku moja tu. Ukichelewa, imekwisha.

Kijiti kile kina mwenyewe. Vanila ni ya Mexico, na kule wadudu wa kwao ndio wanafanya kazi hiyo. Wazungu walipoihamisha, ilitoa maua bila matunda kwa miaka mingi, na maprofesa walikosa njia nyepesi. Mwaka 1841, katika kisiwa cha Réunion, mtumwa mmoja wa miaka 12, Edmond, aliwaonyesha: kijiti, kidole gumba, sekunde chache. Hakuwa amesoma shule. Mtaalamu mmoja wa botanika alijaribu kudai kwamba ni yeye aliyemfundisha, lakini bwana wa Edmond mwenyewe aliandika kumtetea mtoto. Utumwa ulipokwisha mwaka 1848 akapewa jina la Albius. Alikufa maskini mwaka 1880. Madagascar imekuwa ya kwanza duniani kwa mikono inayorudia ishara yake. Na vanila ile inauzwa kwa jina gani? «Bourbon», jina la zamani la kisiwa, lililotoka kwa ukoo wa wafalme wa Ufaransa. Mfalme hakuwahi kugusa ua hata moja.

Pete ya mwisho inaturudisha kwa kakao. Mwishoni mwa miaka ya 1870, mhunzi mmoja wa Ghana, Tetteh Quarshie, alitoka kufanya kazi katika kisiwa cha Fernando Po akarudi na mbegu za kakao. Akazipanda Mampong, majirani wakaja kuchukua. Kutoka mwaka 1911 na kwa zaidi ya miaka 60, Ghana ilikuwa ya kwanza duniani. Lakini angalieni tofauti: Waghana hawakumwacha apotee. Hospitali ya Mampong ina jina lake, na njia panda kubwa ya Accra pia. Mtoto wa shule pale anajua nani alileta kakao.

Sasa nawauliza: kwetu je?

Munajua wenyewe kakao yetu inapita katika hali gani. Tangu Oktoba 2014 watu wanauawa Beni, na wengi wamekufia shambani, panga la kuvunia mkononi. Wengine wamekimbia, na mavuno yao yanachumwa na watu wasiojulikana. Tena sehemu ya kakao inavuka Kasindi bila karatasi, inauzwa kama kakao ya Uganda. Kwa hiyo mkulima anaweza kupoteza mara tatu: shamba, bei, na hata jina kwenye gunia.

Usalama si sisi tutauleta kwa kuandika, nakubali. Bei pia haiko mikononi mwetu. Lakini jina, hilo tunaweza. Mamani na Edmond tunawajua leo kwa sababu kuna mtu mmoja aliyeandika. Wale waliowaonyesha Wabelgiji robusta msituni hatuwajui, kwa sababu hakuna aliyejisumbua.

Basi, wandugu wa licence na graduat, likizo hii ukifika kijijini, ukae na mzee mmoja. Muulize: ni nani alipanda mti wa kwanza wa kakao hapa? Alitoa mbegu wapi? Mwaka gani? Nani alikuwa wa kwanza kuunganisha vanila? Andika katika kaye, weka tarehe. Kama mzee mwenyewe anakubali, na haimletei hatari, tuyaweke pamoja hapa.

Mimi nitaanza kwa yule mzee wa staji. Alikuwa ameniuliza swali, na bado nina deni lake.