Vuga, Mazinde na Ngome Zisizo na Mawe

Kila nishukapo Mombo, ambako reli itokayo Tanga ilifika mwaka 1905, hutazama pande mbili. Juu milimani iko Vuga, makao ya wafalme wa Kilindi. Chini tambarare, kando ya barabara iendayo Same, iko Mazinde. Wanafunzi huniuliza: "Mwalimu, ngome zenyewe ziko wapi?"

Swali hilo linadhani kwamba kila mamlaka huacha mawe. Vuga ilikuwa mji wa nyumba za miti na nyasi. Richard Burton, aliyefika mwaka 1857, alizikadiria kuwa 500 hivi. Ukuta wake ulikuwa mlima wenyewe. Kimweri ye Nyumbai alitawala hapo hadi alipofariki mwaka 1862, na kiti kikaenda kwa mjukuu wake, Shekulwavu.

Semboja, mwana wa Kimweri na mtawala wa Mazinde, hakuridhika. Misafara ya pembe za ndovu na watumwa ilipita mlangoni pake, nayo ilimpatia bunduki. Mwishoni mwa miaka ya 1860 akamng'oa Shekulwavu. Ajabu ni kwamba hakuhamia Vuga: alimtawaza mwanawe, Kimweri Maguvu, yeye akabaki Mazinde. Kiti kilibaki mlimani. Nguvu ilikwisha kushuka barabarani. Gharama ililipwa na raia, waliotekwa na kuuzwa katika vita vya Wakilindi wenyewe kwa wenyewe.

Je, mahali pasipo na jiwe pastahili kulindwa? Huko Wales, Wanormani walijenga ngome za mbao juu ya vilima vya udongo walivyovirundika. Mbao zimeoza, ila vingi vya vilima hivyo vinalindwa kisheria. Sheria yetu ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 nayo inatambua hata mitaro na kazi za udongo, mradi ziwe za kabla ya mwaka 1863. Vuga ya Kimweri imo ndani ya mpaka huo; vita vya Semboja viko nje, mpaka Waziri atoe tangazo mahsusi.

Ndugu watumishi wa umma, kabla ya kupima viwanja, waulizeni wazee wa Vuga na Mazinde mji ulianzia wapi na kuishia wapi. Majibu yao yaandikwe kwenye ramani. Jembe na tingatinga havisomi historia, sisi tunaweza.