Kisiwa cha Mafia: wanyama wa bahari na wavuvi wanaoishi nao

Mafia ni kisiwa cha Tanzania katika Bahari ya Hindi, kusini mwa Dar es Salaam, mbele ya mahali mto Rufiji unaingia baharini. Jina hilo halina uhusiano na wahalifu wa Italia. Urefu wake ni karibu kilomita 50.

Wanyama gani wako huko?

Anayejulikana zaidi ni papa potwe, samaki mkubwa kuliko wote duniani. Anaweza kupita metre 10, lakini hali watu: chakula chake ni vidudu vya maji na samaki wadogo. Kuanzia mwezi wa 10 hadi wa 2 anakuja karibu na Kilindoni, mji mkubwa wa kisiwa. Kuko pia kasa, wenye kutaga mayai mchangani, zaidi kwenye kisiwa kidogo cha Juani. Pale Chole, popo wakubwa wanaokula matunda wananing'inia mitini mchana kutwa.

Bahari inalindwa namna gani?

Zamani wavuvi fulani walitumia baruti. Baruti inaua samaki wakubwa na watoto wao pamoja, na inavunja matumbawe, mahali wanapojificha na kukulia. Mwaka wa 1995 serikali ilianzisha hifadhi ya bahari, ya kwanza Tanzania, yenye kilomita za mraba 822. Vijiji vilibaki ndani. Bahari iligawanywa: sehemu moja uvuvi umekatazwa kabisa, zingine wenyeji wanavua kwa masharti.

Hapo ndipo kuko ugumu. Mvuvi akikatazwa, anakosa chakula cha leo. Faida ya samaki kuongezeka inakuja nyuma. Wakaaji wa Vitshumbi na Kyavinyonge, ndani ya hifadhi ya Virunga, wanaelewa jambo hilo. Mafia walijaribu njia moja kwa upande wa kasa: mwanakijiji akionyesha kiota, analipwa kidogo, na analipwa tena watoto wakitoka salama. Hivyo kiota kilichoachwa kinaingiza feza, si mayai yaliyoliwa.

Kufika huko

Kuko ndege ndogo kutoka Dar es Salaam, ao chombo cha majini kutoka Nyamisati. Mwezi wa 4 na wa 5 mvua ni nyingi na hoteli kadhaa zinafunga. Mgeni analipa kiingilio cha hifadhi. Akiogelea na papa potwe, asimguse wala asimzibie njia.